Dawa ya Mjomba

Wiki iliyopita tulikwenda kaburini kwa mjomba kufanya tambiko, na mama mkubwa akaanza kummwagia pombe mtu aliyeuawa na pombe. "Kunywa, mdogo wangu," alisema.

Nilipokuwa mtoto, mimi na mjomba tulikuwa tukiamia ndege wasile mazao shambani Namawala, juu ya dungu la miti, katikati ya harufu ya matope na mpunga unaoiva. Mjomba alikuwa akinitolea miiba kwenye samaki aina ya perege, kama kawaida yake, mara vidole vikaanza kumtetemeka. Nikadhani ni malaria.

"Kanichukulie dawa yangu, mama," akanibembeleza.

Nilikimbia hadi kwenye kibanda cha pombe ya gongo, nikarudi nimekumbatia chupa. Alipokunywa mikono ikatulia, akaendelea kunitolea miiba. Nilijiona nesi. Msimu mzima nilimfuatia ile dawa, na watu wazima niliopishana nao njiani walicheka tu: "Nesi wa mjomba huyo!"

Ndio haohao waliolizunguka kaburi. Mama mkubwa akaninyooshea kibuyu. "Mpe na wewe."

"Mimi nilishampa," nikamjibu, "na nyote mlikuwa mnaniona."