Siku Nilipompima Kendi kwa Nchi Nzima

Mwanangu, wakati huo nilikuwa mtu ambaye hakuna kitu kingemshangaza tena. Shule niliacha darasa la tano, nikasukuma mkokoteni wa ndizi sokoni Nkubu, na leo nina malori mawili yanayoshuka Nairobi yamejaa. Ndizi nanunua kwa jicho. Nikiangalia mkungu mara moja nakwambia kilo zake, na ukinibishia, leta mizani. Wengi wamebisha, wakalipa. Kwa hivyo mkutano wa wazazi huwa naenda kwa heshima tu, sio ati kuna kitu naenda kujua.

Nakumbuka siku hiyo vizuri, maana tangu hapo nikiambiwa keti, naketi. Mwalimu Karimi, anayemfundisha binti yangu Kendi hesabu, alitundika mchoro mkubwa ukutani. Akasema kuna mtihani ambao vijana wa miaka kumi na mitano wanapewa katika nchi nyingi, kisha nchi zinalinganishwa. Juu kabisa kulikuwa na nchi za Asia. Nikatafuta nchi za Afrika zilizokuwemo, nikashuka na macho, nikashuka, mpaka karibu na sakafu. Mwalimu alikuwa bado anaeleza mchoro unasomwa vipi, mimi tayari nimesimama.

"Mwalimu, hii ni aibu! Kwani mtoto wa Asia ana vichwa viwili?"

Wazazi wakacheka.

"Keti, Baba Kendi. Sijamaliza."

Sikuketi. Nilitoka na hasira yangu, nikaifikisha nyumbani ikiwa moto.

Kendi alikuwa anakatia ng'ombe majani. Mtoto huyo, mwanangu, alikuwa anapenda hesabu kama wengine wanavyopenda mpira. Alitaka kujenga madaraja. Nikamwambia watoto wa Asia wamewaacha mbali.

"Kwani ni mimi nimeshindwa, Baba?"

"Wewe na wenzako wote."

"Lakini mimi sikufanya huo mtihani."

"Usinijibu!"

Wiki iliyofuata nilimhamisha. Nilikuwa nimeona mjini Meru shule moja ya bweni, na langoni kibao kimeandikwa wanafundisha hesabu za Asia. Sikuuliza nani anafundisha. Nililipa papo hapo, nikajisifu njia nzima. Mama Kendi alimfungia mtoto sanduku, na mimi nikadhani amekubali.

Huko ilikuwa mbio tu. Swali linasomwa, saa inahesabu, anayechelewa anasimama mbele ya wenzake. Sasa Kendi ni mtu wa kuuliza "kwa nini" kabla hajaandika. Alisimama sana. Alipokuja likizo fupi, nikamtupia hesabu ya mzigo, mikungu mingapi kwa bei gani, kama kawaida yetu.

"Tumia simu, Baba," akasema, akaenda zake. Baadaye akamwambia mama yake anatafuta kazi isiyo na hesabu hata kidogo.

Nilizunguka boma kama mtu aliyepoteza ufunguo. Kesho yake Mwalimu Karimi akanikuta nikipakia lori.

"Huu mzigo Nairobi wanauitaje?" akauliza.

"Wanauita mali ndogo, ndizi nyembamba za bei ya chini. Ukame umetupiga."

"Na ule mkungu pale?"

"Ule?" Nikacheka. "Ule ni wa Mama Gatwiri, anamwagilia. Hauna mwenzake soko zima. Siwezi kuuza ule kwa bei ya mali ndogo, nina wazimu?"

"Kumbe unajua," akasema. "Ule mchoro ulikuwa wa lori zima, sio wa mkungu mmoja, Baba Kendi. Ulionyesha nchi, ili tuulize nani anakosa maji, nani anakosa mwalimu. Kendi hakuwa pale. Ungeketi ungesikia."

Vijana wangu wa kupakia wakajifanya hawasikii. Mimi, wa kujua kila kitu kwa jicho, niliketi pale pale kwenye ngazi ya lori. Hapo nilishangaa.

Nilimrudisha Kendi Nkubu. Pesa hawakurudisha, na sikubishana. Lakini mtoto hakurudi vile alivyokuwa. Daraja hakulitaja tena.

Mwanangu, siku moja utakuwa na wako. Ukisikia nchi imelinganishwa na nchi, sikiliza mpaka mwisho, halafu nenda uulize shule inakosa nini na wewe utatoa nini. Usimbebeshe mtoto mmoja uzito wa nchi nzima. Mtazame yeye mwenyewe, anavyofikiri, na kama ni wa polepole umwache awe wa polepole. Na wewe unayesoma hii ukiwa bado shuleni: mchoro wa ukutani haukujui. Mungu akupe mwalimu mvumilivu na mzazi anayejua kuketi, na unachokipenda kisitoke mikononi mwako kwa hasira ya mtu.

Juzi asubuhi tukinywa uji nilijisemea kwa sauti, kila kitu na bei yake: karo ya ile shule ya Meru, godoro na sanduku, sare, nauli za kwenda na kurudi, sijui zilifika ngapi. Sikuwa nimemuuliza mtu. Kendi, bila kuinua macho, akasema:

"Elfu hamsini na mbili, mia tatu na arobaini."