Kushoto, Jaza Pamba

Mama Futi hakuwa mtu wa kusamehe. Jirani aliyeazima pasi yake miaka kumi na tisa iliyopita akairudisha imeungua, mpaka leo hapewi salamu. Lakini kwa vipimo vya wateja wake alikuwa kaburi. Daftari lake lilikaa kwenye droo ya cherehani, na ndani mlikuwa na majina, namba za simu, vifua, viuno, na maelezo aliyojiandikia asisahau.

Ukurasa wa wifi yake, mwalimu wa shule ya jirani, ulikuwa na maneno matatu: kushoto, jaza pamba. Wifi alikatwa titi kwa ugonjwa, na ukimtoa daktari, aliyejua ni Mama Futi peke yake. Hata mume wa Mama Futi, kaka mtu wa damu, hakuambiwa.

Kisha akaja afisa wa kampuni moja ya mtandao, mtaani wakimwita Meno kwa kuwa yalikuwa nje saa zote.

"Mama, daftari likilowa je? Tukutunzie vipimo kwenye simu, bure kabisa. Na kibao kipya cha duka tunakupa."

"Viuno vya watu mtavifanyia nini? Mtavipika?"

"Ndiyo hapo, mama! Vina faida gani kwetu?"

Wakacheka wote wawili. Meno akapiga picha ukurasa mmoja baada ya mwingine, na aliyekuwa akimfunulia ni Mama Futi mwenyewe.

Haikupita miezi mitatu. Simu ya wifi ikalia katika chumba cha walimu, mikono yake imejaa chaki, akabonyeza spika. Sauti tamu ikamwita kwa jina lake kamili, ikasema wanauza matiti ya bandia na la kushoto la saizi yake lipo. Walimu kumi na mmoja walisikia.

Alikuja dukani siku hiyohiyo. Hakukaa.

"Nilikuambia wewe tu."

"Wifi, haki ya Mungu sijafungua mdomo!"

"Basi wameotea?"

Alipoondoka, Mama Futi alifungua ule ukurasa, akaelewa. Akampigia Meno.

"Mama, ulikubali masharti," Meno akamjibu. "Yako ukurasa wa kumi na nne."

Hakumtukana. Alikata simu, akanoa mkasi, akangoja. Alimchukia mtu yule mpaka chakula kikawa hakipiti.

Na mwosha huoshwa. Meno alipandishwa cheo, akataka suti, na mtaa ule hapakuwa na fundi wa koti kumshinda Mama Futi. Meno alikwishasahau kila kitu. Kwake simu ile ilikuwa moja kati ya maelfu. Nyuma ya pazia alivua shati, akafungua mkanda mpana wa mpira, na kitambi kikamwagika. Bega la kulia lilikuwa limeshuka vibaya.

"Hili libaki baina yetu, mama," akasema, safari hii meno yakiwa ndani.

"Baina yetu, mwanangu."

Akampima polepole, kwa raha, inchi kwa inchi.

Kesho yake asubuhi kile kibao cha kampuni kilikuwa kimegeuzwa, nyuma yake pameandikwa kwa rangi nyekundu jina la Meno, cheo chake kipya, kisha: kiuno inchi arobaini na sita, hujibana kwa mkanda; bega la kulia limeshuka, jaza pamba. Mtaa mzima ulikuja kusoma. Meno mwenyewe alipita, akasoma, akageuza gari kwa pupa hata akagonga pipa la taka.

"Ukurasa wa kumi na nne, baba!" Mama Futi akampigia kelele kutoka mlangoni, akicheka mpaka machozi. Ilikuwa tamu, asikudanganye mtu.

Saa kumi jioni wifi alitokea. Mama Futi akamkimbilia.

"Nimekulipizia, wifi! Soma!"

Wifi alisoma kibao chote, mara mbili. Kando yake watu walikuwa wanashikana mbavu. Akavuta mtandio, akafunika upande wa kushoto.

"Alivua shati mbele yako?"

"Alivua."

"Kama mimi."

Wifi akanyoosha mkono.

"Naomba ukurasa wangu."

Mama Futi aliuchana, akampa. Wifi akaukunja, akautia mkobani, kisha akaomba na gauni lake lililokuwa bado linashonwa, hivyohivyo, halijatiwa mikono.