Darubini ya Picha ya Marehemu Mzee Ayubu

Mselem hakutaja thamani ya kitu cha marehemu mpaka warithi wote wawe wamekaa mbele yake. Kanuni hiyo aliishika tangu alipofunga studio yake ya picha pale Chumbageni na kubaki fundi wa kamera na saa ambazo watu hawazitumii tena. Alishaona ndugu wa tumbo moja wakipelekana mahakamani kwa ajili ya saa ya ukutani, baada ya yeye kusema tu kwamba ni ya zamani kweli. Watu walimletea gramafoni na redio za mbao, wakasikia neno lake, wakaondoka. Hawakukaa.

Aliyekaa alikuwa Hasina peke yake, mdogo wa marehemu mkewe. Kila Ijumaa baada ya swala alikuja na wali na samaki, akakagua nyumba kama afisa wa afya.

"Shemeji, shati hilo nililikuta Ijumaa iliyopita."

"Linanipendeza, ndiyo maana sikulivua."

"Limpendeze nani, paka?"

Maneno kama hayo yalimtosha Mselem wiki nzima.

Ijumaa moja, masika yakikaribia, Hasina alifungua kanga akatoa darubini ya picha ya baba yake. Mzee Ayubu alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge, na bwana yule alipohama alimwachia darubini hiyo. Mzee mwenyewe alifariki mwaka jana.

Mselem aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na mpini wa mbao, bati la kukinga macho, lenzi mbili, na mbele yake kijiti cha kusogezea kadi yenye picha mbili zinazofanana, zimebandikwa ubavu kwa ubavu. Aliisogeza kadi mbele, akairudisha kidogo, na picha mbili zikawa moja: daraja la nchi ya baridi, na watu juu yake, kila mmoja amesimama na mwili wake kamili. Mmoja alikuwa karibu kiasi cha kusalimiwa. Mselem alitazama muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Sema basi," Hasina alimhimiza. "Beatrisi, yule mama wa Dar anayekusanya vitu vya kale, amefikia Raskazone. Anaondoka kesho asubuhi. Ukithibitisha ni ya asili, anaichukua. Paa langu linavuja, shemeji, na mvua ndizo hizo."

Mselem alishaona kwamba skrubu hazijaguswa na lenzi hazijabadilishwa.

"Luqmani yuko wapi?"

"Mwera, kwenye minazi yake. Kaka gani yule, hata arobaini ya baba hakuja!"

"Ni mrithi. Mpigie simu aje."

"Hapatikani tangu jana. Aliyemuuguza baba ni mimi. Na fungu lake nitampa, wallahi. Wewe sema tu."

"Aje akae hapa, nitasema."

"Hata kwangu mimi ninayekupikia?"

"Kwako zaidi."

Hasina aliifunga darubini katika kanga, akatoka bila kuaga. Asubuhi Beatrisi aliondoka mikono mitupu.

Luqmani alifika Jumanne kwa bodaboda. Aliketi kwenye benchi, dada yake amesimama mlangoni, uso ameuelekeza barabarani.

"Kumbe mnanisubiri mimi kwa kidude hiki?" alishangaa. "Nikifanyie nini? Dada angekiuza zamani!"

Hapo Mselem akatamka kwamba darubini ni ya asili, nzima kabisa. Akampigia Beatrisi simu mbele yao. Beatrisi alijibu kwamba amekwisha kupata nyingine njiani.

Kanuni ilikuwa ya haki. Inayolegezwa kwa ajili ya mtu anayetupikia si kanuni tena, na Mselem angerudishwa kwenye siku ile angefanya vilevile. Lakini Ijumaa iliyofuata hodi haikusikika, wala ile ya baada yake. Masika yalipoanza alikwenda kwa Hasina na turubai la kufunika paa. Hasina alilipokea kizingitini.

"Ahsante, Mzee Mselem," alisema, akarudishia mlango. Miaka yote hakuwahi kumwita hivyo.

Mselem hakuvunja kanuni yake, na kwa kutoivunja alimpoteza mtu pekee aliyekuwa akija kumwona.