Dakika Arobaini za Fainali

Fundi Bisibisi hakuwa mwalimu, ingawa nusu ya mji ilimwita mwalimu. Kwenye karatasi za shule aliandikwa mtunza karakana, na kazi yake ilikuwa kufungua mlango saa moja asubuhi, kuangalia kama nyundo na misumeno yote ipo, na kufunga saa kumi jioni. Hayo mengine aliyatafuta mwenyewe. Mwaka ule shule ilipojiandikisha kwenye mashindano ya roboti ya wanafunzi, hakuna mwalimu aliyekuwa tayari kupoteza Jumamosi zake, ndipo yeye akasema, "Nileteeni hao watoto." Ikapita miaka kumi na minane akiwa nao. Alijifunza pamoja nao, akaunguza mota pamoja nao, akacheka nao siku roboti yao ilipogeuka ghafla ikamkimbiza mwamuzi. Jina la Bisibisi lilitokana na bisibisi yake ndogo iliyokaa sikioni kama penseli ya seremala. Kuna siku alikwenda nayo harusini, mkewe akaigundua wakati wa kupiga picha.

Zilikuwa zimebaki wiki sita astaafu. Shule ilikuwa imemaliza kujenga maabara mpya, na ukuta wa mlangoni uliachwa mtupu kwa makusudi. Palitakiwa picha moja kubwa, ya timu ya roboti iliyofanikiwa kuliko zote tangu mashindano yaanze. Moja tu. Mwalimu mkuu, mama mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kuhitaji kuipandisha, aliita kikao cha watu watano kwenye chumba cha walimu: yeye mwenyewe, Fundi, mwalimu wa fizikia, na wanafunzi wawili wa zamani.

Hazikupita dakika kumi, watu wakaanza kuzungumza kwa pamoja.

"Mimi sioni tunabishania nini," alisema Mkandarasi, nahodha wa timu ya kwanza kabisa, ambaye sasa alijenga barabara na alikuwa na kitambi cha kutosha. "Sisi tulichukua kombe la mkoa miaka mitatu mfululizo. Mitatu! Nani mwingine?"

"Kaka, enzi zenu mkoa mzima ulikuwa na timu nne," alijibu mwalimu wa fizikia, kijana aliyekuja na kompyuta imejaa hesabu, "na moja kati ya hizo roboti yake ilikuwa haiwaki."

"Haiwaki kwa sababu ilituogopa!"

Wakacheka. Mwalimu wa fizikia akaitetea timu ya mwaka wa kumi na nne, iliyofika mashindano ya dunia.

"Wakawa wa ngapi?" akauliza Mkandarasi.

"Wa themanini na mbili."

"Kati ya ngapi?"

"Themanini na tano. Lakini walifika!"

Mwanafunzi mwingine wa zamani, daktari wa meno, alisema makombe ni bati tu, timu ipimwe kwa watu iliyowatoa. Timu yake ilikuwa na watu watano, wanne leo ni wahandisi.

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeharibu rekodi," Mkandarasi akamwambia, na hata mwalimu mkuu akaziba mdomo kwa kiganja.

Fundi alikuwa akicheka nao. Alizipenda timu zile zote, na angeweza kuwaambia kila roboti ilikuwa na ugonjwa gani. Ndipo mwalimu wa fizikia alipogeuza kompyuta ili kila mtu aone.

"Basi tuache mapenzi, tuseme namba. Mwaka wa kumi na moja. Mechi ishirini na sita, hawakupoteza hata moja. Kombe la taifa. Tuzo ya ubunifu. Hakuna timu iliyowasogelea, si kabla wala baada."

Hata Mkandarasi akasogeza kiti aone vizuri.

"Na yule dereva wao," alisema daktari wa meno. "Yule msichana mliyemwita Kapteni. Nilikuja kutazama ile fainali. Alikuwa akiishika rimoti, roboti inakuwa kama ina akili. Fundi, unakumbuka?"

Fundi aliitazama meza. "Nakumbuka."

"Wewe ndiye baba wa timu zote," mwalimu mkuu akamwambia. "Tunataka neno lako."

"Chagueni nyingine," alisema. "Yoyote ile."

"Mnaona! Ananipigia kura mimi," Mkandarasi akapaza sauti, wakacheka tena, maneno ya Fundi yakapita hivyo hivyo. Wakakubaliana wakutane wiki inayofuata kumalizia. Na kwa kuwa hakuna aliyekuwa na namba ya Kapteni, Fundi aombwe ampelekee habari, maana si alikuwa kama mwanawe?

Kwa miaka saba Fundi hakuwa amepita mtaa wa Kapteni. Alikuwa akizunguka kwa nyuma, kupitia sokoni, na mkewe alipomuuliza alisema njia ile ina mashimo.

Mama yake Kapteni alikuwa mshonaji. Ndiye aliyeshona vizibao vya bluu vya timu ile, kila kimoja na mfuko wa bisibisi kifuani, kwa kumtania Fundi. Mwaka ule moyo wake ulianza kuchoka. Wiki ya fainali alikuwa amelazwa siku tatu, na Kapteni alitaka kubaki naye, lakini mama alimfukuza kwa kicheko. "Nenda huko. Ukirudi utanisimulia."

Fainali zilichezwa mchana, kwenye ukumbi mkubwa, nusu saa kutoka hospitalini. Simu za wanafunzi zilikusanywa kwenye mkoba wa Fundi. Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, ili akili zisitawanyike. Walikuwa wamebakiwa na mechi mbili simu yake ilipolia. Alikuwa jirani aliyekuwa akimuuguza mgonjwa.

"Fundi, hali imebadilika. Mlete mtoto."

"Nakuja naye," Fundi akasema, na aliposema alikuwa anamaanisha.

Halafu akainua macho. Kapteni alikuwa amesimama upande wa pili wa meza ya betri, rimoti mkononi. Ukumbi wote ulikuwa ukiliimba jina la shule yao, shule ambayo miaka kumi iliazima hata meza. Fundi akaitazama saa ya ukutani. Mechi mbili. Akajiambia wagonjwa huzidiwa na kupata nafuu. Akajiambia mtoto akiondoka sasa, wenzake wanne wamekwisha. Akajiambia mengi kwa muda mfupi sana, na simu akairudisha mfukoni.

Walishinda. Kapteni alibebwa juu juu. Kutoka simu ilipokatika hadi Fundi alipomshika mkono na kumwambia, "Twende, mama hajisikii vizuri," zilipita dakika arobaini.

Ndani ya gari Kapteni aliuliza swali moja. "Walipiga saa ngapi?"

"Sasa hivi tu," alisema Fundi.

Walifika, muuguzi akawapokea kwenye ukumbi wa wodi kwa ile sauti ambayo haihitaji maneno. Robo saa iliyopita, alisema. Jirani akamuuliza Fundi kando, "Mtandao ulisumbua?" Naye akajibu, "Ulisumbua." Na kwa kuwa alikuwa mtu wa vipimo, hesabu ilijipiga yenyewe kichwani mwake, na haikuacha kujipiga tangu siku ile: wangeondoka simu ilipokatika, mama na binti wangepata dakika ishirini na tano.

Kapteni hakurudi karakana. Alimaliza shule, akakaa kwenye cherehani ya mama yake, akamlea mdogo wake. Mikono ile!

Siku tatu baada ya kikao, Fundi alipiga moyo konde akapita ile njia ya mashimo, ambayo haikuwa na shimo hata moja. Alimkuta mlangoni mwa chumba cha kushonea, mezani marundo ya sare za shule, futi ya kupimia shingoni. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipomwona, mguu wake ulisimama kwenye cherehani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Hujambo, Kapteni?"

"Hakuna aniitaye hivyo siku hizi. Karibu, sogeza hizo nguo ukae."

Alikaa. Alianza na habari ya ukuta na picha, akaisema vibaya, akairuka katikati. "Sikuja kwa hilo," akasema. "Nimekuja kwa siku ile. Nilikudanganya. Simu haikupigwa mwishoni. Ilipigwa kabla ya mechi mbili za mwisho. Niliipokea, nikaelewa, nikanyamaza. Mtandao haukusumbua. Ni mimi."

Kapteni alishika mkasi, akauweka chini, akaunyoosha ulale sambamba na ukingo wa meza.

"Najua," alisema.

"Nani alikwambia?"

"Nilikuona. Ulikuwa kwenye meza ya betri. Uliniangalia mimi, halafu ukaangalia saa. Hakuna mtu anayeangalia vile kwa habari nyingine. Nilijua ni mama. Nilipiga hatua moja nije nikuulize." Sauti yake ilikuwa kavu, kama anayesoma vipimo vya mteja. "Halafu wakaita timu yetu. Nikajiambia, kama Fundi hasemi, basi si kubwa. Nilitaka kushinda, Fundi. Nilikuacha unifiche ili nishinde."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kukuuliza tu ningeweza."

Nje mtu alipita akipiga mluzi. Wote wawili walimsubiri apite.

"Miaka saba nimekuchukia," Kapteni akaendelea, "lakini chuki yenyewe ilikuwa haikai. Kila nikikuchukia wewe najiona mimi na ile rimoti." Akainua uso. "Niambie kitu kimoja tu. Jirani alihama kabla sijapata nguvu ya kumuuliza. Mama alisema nini? Kwenye ile simu, walikwambia alisema chochote?"

Hilo ndilo Fundi alilokuwa ameomba asiulizwe. Jirani alikuwa na sentensi moja zaidi, baada ya ile ya kumleta mtoto, na ndiyo sentensi Fundi aliyoing'ang'ania mchana ule kama ruhusa.

"Jirani alisema mama anakuulizia," akajibu. "Anauliza kama mmeshamaliza."

Kapteni alifunika uso kwa sare aliyokuwa akiishona. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakienda juu na kushuka, na Fundi, aliyewahi kumfunga bandeji vidole vile mara kumi, hakuthubutu kunyoosha mkono. Alikaa akitazama sindano ya cherehani iliyosimama nusu ya pindo.

Baada ya muda alisema, "Nisamehe, mwanangu."

"Usiniombe," alisema ndani ya kile kitambaa. "Sijui msamaha nikupe kutoka wapi. Wangu mwenyewe sijaupata."

Alipofuta macho, aliuliza habari za picha kana kwamba ndiyo kwanza imetajwa. Akasema wale wenzake wanne walifanya kazi ya haki na hana haki ya kuwanyima. Ila yeye asiwekwe, wala asialikwe. Fundi akaaga. Hakusindikizwa.

Jioni ile alimweleza mkewe yote, jikoni, wamesimama. Mkewe alikuwa akikausha sahani, na aliendelea kuikausha ile ile moja muda mrefu. "Siku zote hizi ulikuwa unalala na jambo hili kitandani mwangu?" aliuliza. Hakumgombeza. Alimwambia tu, "Na kwenye kikao ukaseme," akaenda kukaa chumbani.

Alisema. Kwenye chumba kile kile cha walimu, bila kujitetea, kuanzia simu hadi muuguzi. Daktari wa meno alilia waziwazi. Mwalimu wa fizikia alifunga kompyuta yake taratibu.

"Fundi, yeyote angefanya hivyo," alisema Mkandarasi.

"Wewe ungefanya?"

Mkandarasi aliigeuza simu yake juu ya meza, uso chini. Ana mabinti wawili.

Mwalimu mkuu aliwapigia wale wanne wa mwaka wa kumi na moja, mmoja mmoja. Hakuwaeleza sababu, alisema tu Kapteni hatakuwepo. Wote walijibu bila kupangana: hapana, watu wanne si timu yetu. Hivyo picha iliyowekwa ukutani ni ya wale wa themanini na mbili kati ya themanini na tano, wamesimama na roboti yao iliyopinda mkono, wanacheka. Mwalimu wa fizikia ndiye aliyeipendekeza, na hapakuwa na mtu mwenye nguvu ya kubishana tena. Chini yake imeandikwa mwaka, bila maneno ya kusifia.

Fundi alikabidhi funguo wiki hizo sita zilipoisha. Walitaka kumfanyia sherehe, akawaomba wasifanye.

Siku hizi, akienda sokoni, hazunguki tena. Anapita ile njia ya mashimo asubuhi, anamsalimu Kapteni, Kapteni anaitikia kwa heshima bila kuinua kichwa, na hawana jingine la kuzungumza. Kuna siku cherehani hunyamaza anapokaribia mlango. Hupunguza mwendo kidogo, akasubiri labda ataitwa. Akishapita, inaanza tena.