Tetere wa Zambarau Uani Kwetu

Saa tatu asubuhi, watu kumi na mmoja wamelala kifudifudi uani kwangu, kila mmoja kakumbatia kamera, na mke wangu kakatazwa kutoka jikoni.

Aliyemkataza ni mimi.

Naomba mtakaonitukana msubiri nimalize.

Mimi ni fundi majokofu. Siku za kazi nahangaika na gesi na mota za watu, wikiendi napiga picha ndege wa porini. Nilianza kimchezo tu, nikajikuta nina lenzi ndefu kama mkono wangu. Mke wangu aliibatiza jina: "mke mwenzangu."

Nilikuwa kwenye kundi la mtandaoni la wapiga picha wa ndege. Mwenyekiti wetu ni mpima ardhi mstaafu. Ana kizibao chenye mifuko kumi na saba, na sijawahi kumwona akitoa kitu hata kwenye mmoja.

Miaka miwili, kila picha niliyoweka alinijibu neno moja tu.

"Kawaida."

Iliniuma, sifichi. Nilitaka yule mzee anisifu hata mara moja kabla sijafa.

Sasa, mke wangu anatia vitambaa rangi. Uani kote ni mabeseni na kamba za kuanikia. Wakati huo alikuwa na oda kubwa kuliko zote alizowahi kupata: sare thelathini za kwaya ya akina mama, rangi ya zambarau, zinatakiwa ndani ya wiki mbili. Alikuwa anaimba peke yake kwa furaha.

Asubuhi moja natoka bafuni, taulo kiunoni, nikamwona.

Tetere, ametua juu ya ukuta. Tetere wetu hawa wa kijivu mnawajua, wamejaa kila mahali. Lakini huyu kifua chake kilikuwa zambarau. Zambarau iliyokolea mpaka tumboni!

Nikachomoka kufuata kamera. Taulo lilibaki njiani, na jirani aliyeona aendelee kunyamaza.

"Mama watoto! Njoo uone maajabu!"

Akachungulia. "Aa, huyo? Huyo si ndiye huwa ana..."

"Shh! Utamfukuza!"

Nikarusha picha kundini.  Kisha Mwenyekiti akaandika: "Fundi, usimwonyeshe mtu mwingine. Tunakuja."

Walifika kabla ya mchana. Mwenyekiti alimtazama tetere kwa lenzi yake.

"Hayupo kwenye kitabu."

"Kitabu gani?"

"Chochote."

Jioni ndege alishapewa jina, na jina lenyewe lilikuwa la ukoo wa Mwenyekiti. Mimi niliandikwa chini kabisa: "Picha na fundi mmoja." Bado nilivimba kichwa, nikashindwa hata kula.

Kisha yakaja masharti.

"Ndege adimu hataki bughudha," alisema Mwenyekiti. "Hizi rangi za shemeji zitamuua. Mabeseni yaondoke, kamba zishuke. Wiki nzima."

Nikaenda jikoni kufikisha ujumbe.

"Na sare za kwaya?" mke wangu akauliza.

"Watasubiri."

"Baba watoto, nipe dakika moja tu. Yule ndege..."

"Mama watoto, hili ni suala la kitaalamu."

 Halafu akaanza kubeba mabeseni, moja baada ya jingine, akayabwaga stoo kwa kishindo. Mlio kwenye ndoa mnajua kishindo cha namna ile.

Siku ya kwanza tetere alikuja, zambarau kama kawaida. Watu nusura walie.

Siku ya pili mvua ikanyesha.

Siku ya tatu akaja amepauka. Mwenyekiti akaandika kundini kwamba ndege anabadili rangi kwa hiari yake, na kwamba huo ni ugunduzi wa pili.

Siku ya tano alikuwa kijivu kitupu. Mwenzetu mmoja, daktari wa meno, akatangaza kwamba yule wa zambarau ameondoka na huyu ni mkewe. Tukakubali wote. Hata mimi nilitikisa kichwa kisomi.

Siku ya sita simu ya mke wangu ikaita. Nilimsikia kupitia dirisha.

"Hamna shida, mama. Naelewa. Mpeni huyo mwingine."

Oda ya kwaya imeondoka. Nilisikia aibu imenipanda mpaka masikioni, lakini nilirudi kwenye lenzi. Ndiyo, nilirudi.

Siku ya saba ndiyo ile niliyoanza nayo. Mlango wa jikoni ukafunguliwa, mke wangu akatoka na beseni.

"Shemeji, tafadhali!" Mwenyekiti akanong'ona kwa hasira.

Mke wangu akampita. Aliweka beseni katikati ya ua, akasuuza humo kilemba chake alichokuwa amekitia rangi ya zambarau jikoni, akakikamua, akaenda kukaa kizingitini.

Haikupita dakika, tetere akashuka.

Akatua ukingoni. Akaingia. Akazamisha kifua, akapigapiga mabawa kwa raha zake, matone yakaruka mpaka kwenye kizibao chenye mifuko kumi na saba. Kisha akapanda ukutani.

Zambarau.

Kamera kumi na moja za wageni, na hakuna aliyebonyeza. Mwenyekiti akainuka taratibu.

"Mtu yeyote asipige picha."

Mke wangu akanigeukia. "Huwa anaoga humo kila nikisuuza. Nilitaka kukwambia tangu siku ya kwanza."

Mimi nilikuwa nimeshabonyeza. Picha ni ya tetere ndani ya beseni, maji yanaruka, na nyuma yake mke wangu amekunja mikono, anamtazama mpumbavu aliyeshika kamera. Niliiweka kundini jioni ile ile. Mwenyekiti akajibu "Kawaida," kisha akaniondoa kwenye kundi. Ndege wake bado yuko kwenye ukurasa wao, jina la ukoo na kila kitu.

Nilikwenda mwenyewe kwa kiongozi wa kwaya kuomba radhi. Akasema nimechelewa, labda mwakani. Siku hizi wikiendi nakoroga rangi, na wateja wa majokofu wananiuliza kucha zimepatwa na nini.

Ninachowaambia ni hiki. Nilihangaika wiki nzima kumwelewa ndege, na aliyekuwa anajua anapooga nilimfungia jikoni. Aliniomba dakika moja tu.