Mshona Vitabu na Mboga ya Rael

Ukipita Waithaka Jumamosi asubuhi ukaona mwanamume mrefu ameinama kando ya shamba la watu, kikapu mkononi, ananusa majani, usiite polisi. Huyo ni Ogutu, jirani yangu, anachuma saga, ile mboga chungu ya kienyeji. Wanaume wengine wa ploti yetu saa hiyo wako kwa mpira au kwa chang'aa, na walimcheka mpaka wakachoka wenyewe. Mimi Mbithe, Mama Syokau kama wanavyoniita hapa, nimekaa mlango wa pili kutoka kwake tangu mwaka wa uhuru, kwa hivyo acha nikwambie yalianzia wapi. Na usinikatize, maana nikikatizwa huwa nakasirika.

Ogutu alizaliwa Muthurwa, kwenye nyumba za reli, baba yake akiwa mtu wa kutia makaa kwenye gari la moshi. Shamba alilijua kwa kuhadithiwa tu. Kazi yake ni kushona vitabu katika karakana ya Shantilal, nyuma ya River Road. Kitabu kikichakaa, yeye hukifumua, akatenganisha kurasa, akakishona upya kwa uzi na gundi, kisha akakivika jalada. Vidole vyake hunuka gundi hata siku ya Krismasi. Ni mtu wa maneno machache. Watu wa maneno machache hunichosha, lakini huyu nampenda.

Mwaka wa sitini na saba alimwoa Rael, msichana wa Ugenya, mcheshi, mwenye sauti ya kuita kuku wa ploti ya tatu. Wakapata mtoto wa kiume, Odero, nasi tukaanza kumwita Mama Odero. Mtoto hakufika hata kukaa. Homa ilimchukua, wakamzika makaburini Lang'ata. Baada ya hapo watu hawakujua wamwite nani huyu mwanamke, wengine wakarudia Rael. Hapa namtaja Rael ili unifuate, lakini mbele yake mimi nilikataa. Mama ni mama, hata mtoto akienda.

Hakulia. Heri angelia. Alilala akitazama ukuta, akaacha kula. Uji niliompelekea uliota ngozi juu. Vimla, mke wa Shantilal, alituma wali na dengu kwa mkebe, na mkebe ukarudi umejaa vilevile. Mashavu ya Rael yakaingia ndani, macho yakawa makubwa. Nilimwambia mume wangu Mwololo kwamba tutamzika na huyu pia, wala sikuwa natania.

Siku moja Ogutu alimbembeleza mkewe ataje japo kitu kimoja ambacho roho yake inataka. Akasema saga, ile ya mama yake. Kisha akageukia ukuta. Na sokoni kwetu siku hizo uliona kabichi na sukuma wiki tu. Saga ilikuwa magugu, nani angeuza magugu? Ogutu alikuwa amekula saga tangu utoto, lakini kwenye sahani, imeshaiva. Ikisimama kwenye udongo hakuijua hata kidogo.

Sasa ungefikiri angetoka nje aniulize mimi. Wapi! Kwao, kama kwetu Ukambani, mboga ni mambo ya wanawake. Mwanamume haulizi inaota wapi, hainami kuichuma, wala hashiki sufuria yake. Aliona kuniuliza ni kutangazia ploti nzima kwamba nyumba yake haina mtu wa kupika. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mwambie mwanamume hivyo uone kama atasikia.

Akaenda kuuliza kitabu. Mama mmoja Mzungu wa Loresho alikuwa ameleta kwa Shantilal kitabu cha vyakula vya porini, vile watu wa nchi hii huchuma bila kupanda, na mgongo wa kitabu ulikuwa umevunjika. Ogutu akakifumua. Picha zilikuwa zimewekwa peke yazo, mbali na maelezo yake. Akakuta ukurasa wa saga: jani lenye vidole vitano, halina rangi, limechorwa likajaza ukurasa mzima. Maelezo ya ukubwa wake yalikuwa kwenye fungu lingine la kurasa, limeshapakwa gundi na kubanwa chini ya chuma, halifunguki. Basi akaweka karatasi nyembamba juu ya picha, akaifuatisha kwa penseli pole pole. Shantilal alimwona, akajifanya anatafuta miwani yake.

Jumapili tulipokuwa kanisani Ogutu alishuka mtoni na karatasi yake. Niliporudi nilimkuta kwenye bomba anaosha majani makubwa kama sahani, karai limejaa, na sufuria iko kando. Ameamua kupika mwenyewe! Nikasogea, nikatazama. Ilikuwa mbarika. Ule mti ambao mbegu zake ni sumu, ambao hata mbuzi wangu, wanaokula kamba ya kuanikia nguo, huupita mbali.

Nilifoka. Nilimuuliza kama anataka kumuua mke wake, au kama huko Muthurwa walikuwa wakila mawe. Nilisema mengi, mengine siwezi kuyarudia siku ya leo. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwa mikono yenye maji, akanionyesha. Nikahesabu vidole kwenye karatasi, nikahesabu na kwenye jani la mbarika, nikamwambia haviko sawa.

"Nilidhani vingine ni vya ziada," akasema. "Mama Syokau, hata mboga imenishinda."

Hasira yangu yote ikaisha pale pale. Niliketi kwenye ukingo wa bomba, nguo yangu ya kanisani ikalowa, wala sikujali.

Nikasikia mlango. Rael alikuwa amesimama kizingitini, amejifunga blanketi, alikuwa amesikia kila neno. Alitazama karai. Akatazama karatasi, akamtazama mume wake, suruali yake imelowa magotini. Mdomo ukamcheza, akacheka. Alicheka mpaka akashika mlango asianguke, na katikati ya kicheko kile kilio chake chote kikatoka, kile alichokuwa amekizuia tangu Lang'ata. Ogutu akamkumbatia mbele ya ploti nzima, jambo ambalo kwetu halifanywi.

Alipotulia, Rael alienda peku hadi nyuma ya choo, pale tunapomwaga majivu. Akachuma jani dogo, vidole vitano, kama kiganja cha mtoto. Alilishika mkononi kwa muda, akilitazama tu. Nilijua anaona nini, na nadhani Ogutu pia alijua.

"Funga macho," akamwambia. "Nusa." Ogutu akanusa. "Kitabu haina harufu. Saga unatafuta na pua."

Kila asubuhi mtu huyu alikuwa akiipita akienda choo. Walichuma pamoja, Ogutu ameshika kikapu, na watu wakimtazama. Mimi nilikamua mbuzi nikawapelekea maziwa. Rael aliwasha jiko, akachemsha mboga, akamwaga maji, akatia maziwa, na chumba chote kikajaa harufu ya kwao. Ogutu akavuta kigoda karibu, akanyoosha mkono kwenye sufuria ampakulie, maana alitaka sana kumwona akila. Rael akampiga kofi dogo la mkono. Saga ni chungu, akasema. Leo watalamba mchuzi tu. Inalala kwenye maziwa, kesho inaongezwa mengine, kesho kutwa tena, mpaka uchungu uishe. Nikiwa mlangoni na kikombe changu nikagundua kwamba tangu mazishi Rael hakuwa ametaja kesho.

Nadhani Ogutu naye alikuwa amesikia, kwa sababu aliuliza kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayeogopa jibu:

"Kesho utaamka uongeze maziwa?"

"Nani mwingine ataamka?" Rael akasema. "Nikikuachia wewe, utaongeza mbarika."