Sauti ya Mguu wa Kazungu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue mshipi. Nikavua. Nikaambiwa nitoe funguo na sarafu, nivue hata viatu kwa sababu soli zilikuwa na misumari. Nikasimama peku kwenye mchanga wa Ndera, suruali nimeishika kwa mkono mmoja, na Msimamizi wetu, Twalibu, akanikabidhi mashine.

"Sasa wewe ni hewa," akaniambia. "Mashine isikusikie wewe. Isikie walio chini."

Mimi Hiribae nilisoma hadi darasa la nne, lakini kazi hii naijua, na ninyi vijana mnaoingia msituni na mashine za kutafuta madini bila mtu wa kuwaelekeza, nisikilizeni. Mashine ina mpini, na mwisho wa mpini kuna sahani tuliyoiita koili. Unaipitisha juu ya udongo polepole, kushoto na kulia, kama unayefagia bila kugusa chini. Masikioni umevaa visikilizi. Chuma kinakwaruza, kama mzee anayekohoa ndani ya debe. Shaba, fedha na dhahabu zina sauti nyembamba, tamu, isiyokatika. Na shimo halifukiwi kabla hujapitisha koili mara ya pili, maana kitu cha juu huficha kitu cha chini. Hiyo ndiyo sheria niliyoishika kuliko zote.

Tulikuwa tunatafuta sanduku la Saa Sita. Huyo alikuwa jambazi wa zamani, jina lake halisi halijulikani. Alisimamisha mabasi mchana, saa sita kamili, mtu akiwa amekanyaga kivuli chake mwenyewe, akawavua abiria saa, mikufu na bangili. Wazee husema alipobanwa na askari alizika kila kitu kando ya mto. Shimo alichimbishwa abiria mmoja, na abiria huyo akaachwa humo humo alinde. Nilikua na hadithi hiyo. Sikuiogopa mpaka iliponiajiri.

Aliyekuwa akitulipa ni Mkurugenzi, Obadia Msuri. Nalitaja jina lake lote makusudi. Alikuja Garsen na gari jeupe na karatasi alizosema ni kibali, na hakuna hata mmoja wetu aliyepewa kuzishika. Kuna mganga alimwambia sanduku hupanda juu kila saa sita, kwa hiyo wakati wafugaji na wakulima wote wamejificha kivulini, sisi ndio tulikuwa juani.

Mchimbaji wetu alikuwa Kazungu, Mgiriama, wazee wake walihamia huku kulima. Aliwahi kuanguka na pikipiki, na hospitali wakamtia chuma ndani ya paja la kushoto, kirefu kama mwiko wa kusongea ugali. Siku ile ile ya kwanza mashine yangu ililia sauti ambayo sikuwa nimefundishwa: ilianza nzito, ikamalizikia nyembamba, sauti mbili zimeshikana.

"Nimepata," nikasema.

Kazungu alikuwa nyuma yangu anacheka. "Umenipata mimi, bwana. Chimba taratibu, huo mguu bado nauhitaji."

Ikawa utani wetu. Kila akikaribia namwambia sogea, mguu wako unapiga kelele. Nimesikia vyuma vingi tangu hapo. Sauti ile sijaisikia kwa kitu kingine.

Ndera hatukupata kitu ila vifuniko vya chupa na majembe yaliyokatika. Tukahamishiwa Nanighi. Huko, mbali na boma lolote, mashine ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena hatua fupi mbele. Kazungu akachimba. Tukatoa vifungo vitano vya chuma, vimejipanga mstari mmoja, kimoja chini ya kingine, kama vinavyokaa kwenye shati. Shati halikuwapo. Mvaaji hakuwapo. Ndege walikuwa wamenyamaza, na nilipovua visikilizi niliona ni kama bado nimevivaa.

"Tumwite nani?" Kazungu akauliza.

"Vifungo si dhahabu," Mkurugenzi akajibu toka garini. "Funikeni, tuendelee."

Tukafunika. Kazungu aliinama akavipanga kwanza, kimoja kimoja, kama alivyovikuta.

Kituo cha tatu kilikuwa chini ya kijiji cha Hewani, kando ya msitu. Karatasi ya Mkurugenzi ilisema hatua arobaini kutoka mtoni, upande wa mawio. Akapima hatua zake, tukachimba siku nne, hakuna kitu. Hapo ndipo nilipofungua mdomo wangu. Nikamwambia mto huu hautulii. Mto wa enzi za Saa Sita ulipita kule, penye ile mikindu iliyosimama mstari. Apime kutoka kule. Mgeni yeyote asingelijua jambo hilo. Nililijua kwa sababu nimezaliwa hapa, na nikalitoa ili nionekane mfanyakazi mzuri.

Tukapima kutoka kule, tukachimba, na shimo lilipopita kimo changu nikapitisha koili chini kabisa. Mashine ikaimba, mbali sana, nyembamba, tamu.

Lakini mkondo wa zamani ni udongo wa uongo. Juu kuna tabaka la mfinyanzi gumu, chini yake mchanga mtupu. Shimo linapopita kimo cha mtu lazima kuta zishikiliwe kwa magogo, tuliyoyaita mikono. Siku hiyo hatukuwa na hata gogo moja, na nikaona ufa ukitembea kwenye ukingo.

"Mkurugenzi, ukingo umepasuka."

"Hiribae, nimekuajiri usikie. Sikukuajiri uone." Akatazama saa yake. Ilibaki robo kufika saa sita. "Kazungu, ingia."

Twalibu alikuwa amesimama pale na ufa aliuona, maana aliuruka. Kazungu akanitazama, akateremka na mguu wake ule usiokunjika vizuri. "Nikichelewa," akasema, "mwambie Kadzo asimalize samaki wote."

Nilikuwa nimeinama nashika kamba ya ndoo, visikilizi masikioni, koili ikining'inia shimoni. Udongo haukupiga kelele. Uliketi tu, kama mtu aliyechoka. Mimi ulinimeza hadi kwapani. Nikaona viatu vya Mkurugenzi vikirudi nyuma, kisha viatu vya Twalibu, kisha nikasikia mlango wa gari. Kwenye visikilizi vyangu zile sauti mbili zilizoshikana zililia mara moja, zikapungua, zikapungua, kama mtu anayeshuka ngazi.

Alinitoa Guyo, mfugaji wa Kiorma aliyeleta ng'ombe kunywa maji. Alichimba kwa fimbo na mikono hadi jioni. Mbavu zangu zilikuwa zimevunjika, nikalazwa wiki nyingi. Niliporudi nikakuta shimo limesawazishwa kwa trekta, na Twalibu alikuwa ameshakwenda kwa Kadzo, mke wa Kazungu, akamwambia hivi: mumeo alipata sanduku, akaliiba, akakimbia. Msuri akaandikisha hivyo hivyo kituo cha polisi, na tangu hapo hakuthubutu kuchimba pale, asije akamfukua Kazungu. Nami niliandikisha yangu. Wakaniambia niwaonyeshe mahali. Mafuriko yalikuwa yamepita katikati, mikindu imelala, tope kila upande. "Tuchimbe wapi?" wakaniuliza. Sikujua.

Kwa hiyo Kadzo akawa mke wa mwizi. Kisimani wanawake walimwuliza dhahabu ameificha wapi, mbona bado anachota maji. Watoto wake waliitwa Sanduku.

Mashine yangu Msuri hakurudi kuidai. Ina uwezo wa kusikia kina cha mkono mmoja, na Kazungu alikuwa chini zaidi. Mto peke yake ndio ungeweza kumleta karibu, kwa kula ukingo. Na mto huo huo ukizidi kula ungempeleka hadi Kipini, aingie baharini, na jina lake libaki hivyo hivyo. Kila maji yalipopungua nilikwenda, saa sita ile ile, nikifagia ukingo mzima. Miaka ikapita. Nilisikia sufuria, risasi, njuga. Watu wa Hewani walisema nimerukwa na akili kwa ajili ya dhahabu.

Mwaka jana, baada ya mafuriko, nilikuwa hatua tatu tu kutoka kwenye maji, nikipitisha koili ubavuni mwa ukingo ulioliwa, nikaisikia. Nzito, kisha nyembamba. Nikavua visikilizi, nikavivaa tena. Bado ilikuwapo. Kinywa changu kikasema chenyewe, "Sogea, bwana, mguu wako unapiga kelele."

Sikuchimba. Nikaenda kumwita Kadzo. Alipofika nilimwambia avue chochote cha chuma, akavua bangili zake mbili na pete, akanipa. Nikamvalisha visikilizi, nikapitisha koili.

"Ndiyo nini hiyo, shemeji?"

"Ni paja lake la kushoto."

Akasikiliza muda mrefu. "Endelea," akasema. "Usiondoe."

Tukamleta chifu na wazee sita, na Guyo naye akaja. Walichimba polepole, kuta zimeshikiliwa kwa magogo. Wakamwona amesimama, mikono imeinuliwa kichwani, vidole wazi. Chifu akaandika kwa kalamu yake mwenyewe kwamba mikono ilikuwa mitupu. Kisha wakamfunga sandani, wakambeba kwenda kumzika kwake, mimi na Kadzo tukabaki nyuma tufukie.

Nami, kwa mazoea ya kazi, nikapitisha koili mara ya pili.

Ililia kwa nguvu, nyembamba, tamu, haikatiki, pana kama mlango. Pale pale alipokuwa amekanyaga. Sikuhitaji kumweleza Kadzo, sauti ilimwagika nje ya visikilizi akaisikia. Maji yalikuwa yanapita kimya. Hakuna kima aliyelia msituni. Nikaona ni kama kuna mtu wa tatu anayengoja tuamue.

"Ndilo?" akauliza.

"Ndilo."

Alitazama njia waliyompeleka mumewe. "Wameona mikono mitupu," akasema. "Tukilitoa hilo, kesho watasema alikuwa nalo. Rudisha udongo."

Nikarudisha. Ulipojaa nikampa bangili zake, akazivaa, kisha pete, tukawafuata waliombeba.

Nimestaafu. Mashine inaning'inia ukutani kwangu Garsen bila betri. Msuri, najua bado unaliulizia sanduku, na Twalibu alifika mlangoni kwangu mwezi uliopita na soda mkononi, ananiita ndugu. Jibu langu ni hili: ukingo ule haupo tena, mto umeupitia wote. Na kama mnadhani nadanganya, mnajua njia ya Hewani. Nendeni saa sita. Magogo msibebe.